Ndege Haikuwa Imeruka

Mama si mtu wa kupiga simu mchana. Yeye hupiga jioni, akishafungia kuku na kuingiza kuni ndani, na simu zake huwa hazina habari yoyote: mmeshindaje, huko mvua ipo, huku imenyesha mpaka basi. Kwa hiyo Jumanne ile ya tarehe 5 Machi 2024, nilipoona jina lake saa saba mchana, nilitoka nje ya chumba cha habari kabla sijapokea.

"Redio imesema ndege ya wanafunzi imeanguka," alisema. Hakusalimia. "Mwanafunzi na mwalimu wake wamekufa wote wawili. Mdogo wako yuko wapi?"

Habari aliyoisikia ndiyo niliyokuwa naihariri. Asubuhi ile, juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ndege ndogo ya mafunzo aina ya Cessna 172 iligongana angani na Dash 8 ya Safarilink iliyokuwa imeruka kutoka Wilson ikielekea Diani na watu 44. Ile kubwa iligeuza ikatua salama. Ile ndogo ilianguka, na waliokuwemo walikufa.

"Hiyo ni Nairobi, mama. Yeye yuko Kanada."

"Kwani ndege za Kanada si hizo hizo?"

Ni hizo hizo. Cessna 172 ilianza kuruka mwaka 1955, na zimeshatengenezwa zaidi ya 44,000. Hakuna ndege nyingine iliyotengenezwa kwa wingi huo. Ukienda chuo cha urubani Nairobi, Texas au Kanada, uwezekano ni mkubwa kwamba utakaa kwenye kiti kile kile na kushika usukani ule ule. Mdogo wangu alikuwa amekaa humo tangu Septemba. Sikumwambia mama hayo. Nilimwambia yuko salama, anasoma vizuri, hajawahi kupata tatizo lolote.

Sentensi hiyo ya mwisho ilikuwa uongo, na nilikuwa nimeutunza kwa wiki tano.

*

Mwishoni mwa Januari, usiku wa manane kwa saa za Dar, nilipokea ujumbe wa sauti wa dakika nne. Dakika ya kwanza ilikuwa pumzi tu. Halafu: "Dada, nimeharibu ndege."

Nilikaa kitandani. Mwandishi wa habari ana namna yake mbaya ya kuogopa: kichwani unaanza kupanga aya. Nani, lini, wapi, wangapi. Nikakumbuka Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ziwani, watu 19 wamekufa kati ya 43, wavuvi wakifika kwa mitumbwi kabla ya kila mtu. Nilifanya kazi saa kumi na sita siku ile. Kwa hiyo nilipokuwa nasikiliza dogo anavyopumua, mimi nilikuwa natafuta maji, moshi, maiti.

Hakukuwa na hata kimoja. Ndege haikuwa imeruka.

Alikuwa peke yake, siku yake ya tatu ya kuruka bila mwalimu. Wiki mbili kabla, baridi kali sana ilikuwa imeshuka katika nyanda za magharibi mwa Kanada, hata chuo kikasimamisha mafunzo kwa siku kadhaa. Kisha likaja joto lisilo la msimu. Theluji ikayeyuka mchana, maji yakatambaa kwenye lami, na usiku yakaganda. Asubuhi kiwanja kilikuwa cheusi na kinang'aa, ungedhani kimepigwa deki. Aliwasha injini, akaomba ruhusa mnara wa kuongozea ndege, akaanza kutoka kwenye maegesho kuelekea njia ya kurukia. Marubani wanaita kuteksi: ndege inatembea ardhini kama gari, kwa mwendo wa mtu aliyechelewa daladala.

Hapo kuna jambo ambalo nililielewa baadaye, baada ya kumuuliza maswali mengi kuliko alivyopenda. Ndege haikuumbwa kutembea. Chini ina matairi matatu madogo, na inageuzwa kwa miguu: ukikanyaga pedeli ya kulia, tairi la mbele linageukia kulia. Lakini tairi likigeuka, ni lazima ardhi ilishike. Pasipo mshiko, tairi linaangalia kulia na ndege inaendelea na safari yake. Breki ni hivyo hivyo. Zinasimamisha tairi, hazisimamishi ndege. Na pangaboi la mbele halina habari na mambo ya barafu. Hata ukiondoa moto wote, injini ikinguruma kwa upole kabisa, bado linavuta. Ongeza mkia ule mrefu uliosimama wima nyuma, ambao upepo ukiupiga kwa ubavu unaugeuza kama bendera, pua nayo inaelekea upepo unakotoka.

Upepo ulitoka kushoto. Alifika kwenye kona akakanyaga kulia. Ndege ikaenda kushoto.

"Niliona kabisa, dada," alisema. "Niliona naenda. Polepole. Ningeweza kuhesabu."

Alikanyaga breki, matairi yakafunga, na lami ikawa sabuni. Pembeni mwa njia kulikuwa na ukuta wa theluji, ile inayosukumwa na magari ya kusafishia kiwanja, ambayo ikikaa siku mbili tatu inakuwa ngumu kama tofali la kuchoma. Ncha ya bawa ilipita juu yake ikikwaruza. Pangaboi halikupita. Mlio ulikuwa mmoja tu, kama sufuria kubwa iliyodondoka jikoni, halafu injini ikazima na kukawa kimya.

Alizima kila kitu kwa mpangilio aliofundishwa. Akafungua mlango, akashuka, akapiga hatua mbili, akateleza na kuanguka kwa kiwiko. Hilo ndilo lilikuwa jeraha pekee la ajali nzima.

Mtu akisikia hivyo anacheka. Mimi pia nilicheka, saa tisa za usiku, kwa sababu ya nafuu. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba pangaboi likigonga kitu huku injini inazunguka, injini yote lazima ishushwe na kufunguliwa ikaguliwe ndani, hata kama kwa nje inaonekana nzima, maana mshtuko unaingia mpaka kwenye mhimili wake. Hiyo ni fedha. Chuo kilimsimamisha mpaka uchunguzi wao wa ndani uishe. Sehemu ya gharama ambayo bima hailipi ingekuwa juu yake. Na muda wa kibali chake cha kuishi nchini humo ulikuwa unakwenda, ndege iruke isiruke.

Mwisho wa ujumbe alisema: "Usimwambie mama."

Nikajibu: "Siwezi kumwambia."

*

Ili ueleweke uongo huu inabidi niseme tunakotoka.

Sumbawanga, kwa Kifipa, maana yake ni tupa uchawi. Wazee wanasema ni onyo kwa mgeni: kama unao, uache huko huko kabla hujaingia. Lakini Watanzania wengine wamelisikia jina hilo kinyume. Mtu wa Sumbawanga akijitambulisha popote, chuoni, jeshini, kwenye harusi, lazima atokee mcheshi wa kuuliza kuhusu radi, au kuhusu ungo. Nilipoajiriwa, mhariri mmoja alitangaza mbele ya wote kwamba nikichelewa kazini sina kisingizio cha foleni, maana usafiri wetu unapita juu. Nilicheka na wenzangu. Ukiwa Mfipa unajifunza kucheka mapema, kabla ya wengine hawajamaliza sentensi.

Kwa hiyo fikiria kijana wa Sumbawanga anayesema anataka kuwa rubani. Shuleni walimwita Ungo. Alilipokea jina, akalifanya la kwake, akaliandika hata kwenye daftari la fizikia.

Tulikulia karibu na kiwanja cha ndege cha mjini, wakati huo kikiwa cha changarawe tupu. Ndege zilikuwa za mara moja moja, ndogo, za wageni wa serikali au za wagonjwa. Tulikuwa tukisikia mlio tunaacha kila kitu. Dogo alikuwa hatazami ikiruka kama sisi wengine. Alikuwa anatazama inavyotembea. Ilipogeuka mwishoni mwa kiwanja na kutimua vumbi, alikuwa akiiga kwa mwili, mkono mmoja ukishuka, mwingine ukipanda. Baadaye ulipokuja mradi wa kukiwekea lami kiwanja kile, kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, yeye alikuwa ameshamaliza kidato cha sita, na alisema kwa uhakika wa mtu asiye na senti kwamba siku moja atatua pale.

Senti zilitoka shambani. Baba alituachia ekari sita upande wa barabara ya Laela, ardhi ya mahindi, nzuri. Mama aliziuza. Baba mdogo alipinga mpaka dakika ya mwisho. Alisema ardhi haiuzwi ili mtu akajifunze kupaa. Na kama lazima iuzwe, ibaki ndani ya ukoo, yeye angeilipia kidogo kidogo. Mama alisema chuo hakilipwi kidogo kidogo. Siku ya kuweka sahihi baba mdogo alisimama mlangoni akasema, mbele ya watu: "Haya. Tutaona hiyo ndege itafika wapi."

Maneno ya hasira, ya mtu aliyeumia. Lakini kwetu maneno kama hayo hayapotei. Shangazi aliyakumbuka wakati wa kufunga begi. Jirani akayarudia. Mama peke yake ndiye hakuyasema tena, na ukimya wake ndio nilioutafsiri vibaya.

Sasa chukua ajali hii uipeleke pale nyumbani. Ndege haina hitilafu. Kijana hana ulevi. Hakuna mgongano, hakuna dhoruba. Amekanyaga kulia, ikaenda kushoto. Mwambie hivyo shangazi yangu, uone atamtaja nani.

Hilo halikuwa jambo la kuchekesha kwangu. Nimeandika habari za wazee walioitwa wachawi katika nchi hii. Nimekaa na bibi aliyehama kijiji usiku na mbuzi mmoja. Wapo waliouawa. Neno moja, likisemwa na watu wa kutosha, linageuka kuwa ushahidi. Baba mdogo ana miaka sitini na saba, na macho yake ni mekundu kwa sababu ya miaka thelathini ya vumbi la barabara. Alikuwa dereva wa lori. Niliona kabisa inavyokwenda, polepole, kama dogo alivyouona ule ukuta wa theluji. Nikaamua kunyamaza.

*

Wiki hizo tano nilifanya kile ninachofanya nikikosa cha kufanya: nilisoma. Nilitaka kumpata mwandishi aliyepata ajali kama ile. Afrika Mashariki haina upungufu wa waandishi walioanguka na ndege.

Roald Dahl alifika Dar es Salaam mwaka 1938 kufanya kazi Shell. Vita ilipoanza alikwenda Nairobi kujifunza urubani kwenye Tiger Moth, ndege ya mafunzo, dogo wangu wa zama zile. Septemba 1940 alianguka jangwani. Hakupigwa risasi, alielekezwa vibaya, giza likaingia, mafuta yakamwishia karibu, akajaribu kutua kwenye mawe. Alivunjika fuvu na kukaa wiki nyingi haoni. Lakini mwaka 1942, hadithi yake ya kwanza ilipochapishwa Marekani, kichwa chake kilikuwa "Shot Down Over Libya". Yaani ametunguliwa. Baadaye sana, katika kitabu cha kumbukumbu zake, alieleza mambo yalivyokuwa. Nimefikiria sana kile kichwa cha habari. Kilipokosekana cha kulaumu, risasi iliongezwa. Kwetu tungeongeza ungo.

Beryl Markham nilimsoma kwa ajili ya barafu. Mtoto wa Njoro, Kenya, alikulia kwenye farasi na vumbi. Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 aliruka kutoka Abingdon, Uingereza, peke yake, kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi, uso kwa uso na upepo. Saa zaidi ya 20 baadaye injini ilikosa mafuta wakati mafuta yapo: barafu ilikuwa imeziba matundu ya hewa ya tangi. Alitua kwenye kinamasi cha Cape Breton, mashariki ya Kanada, pua ya ndege ikazama kwenye matope, kichwa chake kikapasuka. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka peke yake kwa njia hiyo kutoka Uingereza, lakini hakufika New York alikokusudia. Kitabu chake, West with the Night, kilitoka 1942, kikasahauliwa, kikafufuliwa mwaka 1983 baada ya kupatikana barua ya zamani ambamo Hemingway alikisifu kwa wivu wa wazi. Watu bado wanabishana kama alikiandika mwenyewe au mumewe ndiye aliyeshika kalamu. Hakuna anayebishana kuhusu barafu.

Na Hemingway mwenyewe, ambaye ndiye aliyekaribia zaidi. Januari 1954, Uganda, ndege ndogo aliyopanda ilikwepa ndege wa angani, ikagonga waya wa zamani wa simu karibu na maporomoko ya Murchison. Walilala porini, wakaokolewa na boti hadi Butiaba, kando ya Ziwa Albert. Hapo akajitokeza rubani mwingine, na ndege nyingine, de Havilland Rapide, kuwapeleka Entebbe. Kiwanja kilikuwa kibovu. Ndege ilikimbia ikirukaruka kwenye matuta, na kabla haijafika popote ilikuwa chini inawaka moto. Hemingway alibomoa mlango kwa kichwa chake. Ile ya kwanza, ya angani, ndiyo iliyotangazwa duniani kwamba imemuua. Hii ya pili, ya pale pale kiwanjani, ndiyo iliyomwumiza zaidi, na wengi wanaona hakupona sawasawa. Magazeti yalichapa tanzia zake. Akazisoma akiwa hai, akaziandikia mzaha. Mwisho wa mwaka huo alipewa Nobel na hakusafiri kuipokea.

Nilimtumia dogo ile ya Butiaba, nikidhani itamfariji.

Akajibu: "Yeye alikuwa abiria."

Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Alikuwa sahihi. Hao wote wana hadithi zenye moto, jangwa au bahari. Mtu mwenye hadithi kama hiyo anaweza kukaa kitako na kuisimulia. Mdogo wangu alikuwa na kona moja, mwendo wa miguu, na ukuta wa theluji usiofika kiunoni. Mwenzake mmoja Mtanzania, aliposikia kwamba ametokea Sumbawanga, alimwambia mbele ya darasa: si ungebaki na ungo tu, haulipiwi bima. Wote wakacheka. Na yeye, ambaye amezoea kucheka mapema, safari hii alichelewa.

Baada ya hapo alikuwa hapokei simu mpaka siku ya tatu au ya nne. Akaanza kuuliza bei ya tiketi ya kurudi. Hapo ndipo mama aliponipigia kuhusu Nairobi, na mimi nikamjibu nilivyomjibu.

*

Pasaka ile iliangukia tarehe 31 Machi. Nilipanda basi la Sumbawanga Alhamisi Kuu, nikashuka Ijumaa mwili wote ukiniuma. Mvua ilikuwa bado. Uwanda wa Ufipa mwezi huo ni kijani mpaka macho yanachoka, na chini ya kijani hicho ni udongo usiosamehe mtu.

Jumamosi mama alitaka twende kwa mama yake mkubwa, nje ya mji, upande wa Mbizi. Tukapakiana kwenye bodaboda, dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma na kapu la mchele. Kwenye mteremko wa kwanza njia ilikuwa nyekundu na inang'aa. Dereva aliona shimo akakata kona kulia. Nilikuwa natazama juu ya bega la mama, nikaliona tairi la mbele. Liligeuka kabisa, likaangalia kulia kama lilivyoambiwa. Pikipiki ikaendelea mbele. Akakanyaga breki, nyuma kukaja kushoto, na sote watatu tukalala kwenye mfereji, taratibu, kama watu wanaolazwa na mtu mwingine.

Hakuna aliyeumia. Mchele ulimwagika nusu. Mama alikaa kwenye matope, kitenge chote chekundu, akacheka mpaka akashika mbavu. Dereva alikuwa anaomba radhi, "samahani mama, samahani sana," naye akamwambia: "We mtoto, unaomba radhi ya nini? Ni utelezi. Hukuuleta wewe."

Nikajikuta nasema: "Mama, na yeye iliteleza hivi hivi."

Hakuuliza nani. Kicheko kilikwisha usoni polepole. Nilimweleza pale pale mfereji­ni, dereva akijifanya anakagua mnyororo. Nilimwambia kuhusu maji yaliyoganda, kona, upepo, pangaboi, kiwiko. Nilimwonyesha kwa tairi la bodaboda. Sisi wa Ufipa tunaijua baridi. Juni na Julai asubuhi mtu akiongea anatoa moshi. Lakini barafu tunaijua ya kwenye friji, na nilikuwa nimejiambia kwamba mama hawezi kuelewa jinsi ardhi inavyogeuka barafu. Alielewa kabla sijamaliza.

Akaanza kuuliza, na katika miaka yangu kumi ya kazi sijapata mhariri anayeuliza vile. Alikuwa peke yake? Kwenye kona alikuwa amepunguza mwendo? Mwalimu wake aliiona ile njia kabla ya kumruhusu? Alikuwa amekula? Sasa hivi analala? Halafu lile nililokuwa nalisubiri.

"Siku ile nilipokupigia, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniambia hajawahi kupata tatizo lolote."

"Ndiyo, mama."

Alikung'uta matope kwenye kiganja. "Ulidhani nitasema amerogwa."

Sikujibu.

"Mimi na baba yenu mdogo tumegombana kwa ajili ya shamba," alisema. "Hatukugombana kwa ajili ya ndege. Huko mjini mmesoma sana, lakini mkirudi mnatuona sisi kama wale watu wa kwenye vichekesho vyenu."

Hilo ndilo lililoniuma, na linaniuma mpaka leo ninapoandika. Miaka yote nimekasirishwa na mzaha wa ungo. Nimeuandikia hata makala. Kumbe nilikuwa nimeubeba, na siku ya kuamua nani aambiwe ukweli, niliutumia kumpimia mama yangu. Siwezi kusema hofu yangu haikuwa na msingi: shangazi alikuwepo, jirani alikuwepo, na yaliyompata yule bibi wa mbuzi mmoja niliyaona mwenyewe. Lakini yeye sikumuuliza. Nilimhesabu humo humo bila kumuuliza.

Wanasema kuteleza si kuanguka. Methali hiyo nimeisikia tangu utoto na niliidhania ni ya kumpoza mtu. Mama hakuitaja. Aliinuka tu, akakusanya mchele uliobaki, akamwambia dereva: "Twende. Ila sasa shika pembeni penye majani."

*

Jioni ile alivaa kitenge kingine akaenda kwa baba mdogo, peke yake. Walikuwa hawajatembeleana tangu siku ya sahihi. Alikaa huko saa mbili. Mimi nilibaki nyumbani nikiangalia mlango.

Waliporudi walikuwa wawili. Baba mdogo alikaa kwenye kigoda, akaniomba niweke simu tayari, maana anataka kumtumia mwanawe maneno. Hakujua aongee umbali gani na simu, akawa anaipigia kelele. Ujumbe wenyewe ninao bado. Kwanza salamu ndefu. Kisha akasema ameambiwa. Kisha akamsimulia mteremko wa kushuka Muze, bonde la Ziwa Rukwa chini kabisa, masika ya mwaka fulani, yeye na lori la samaki, na namna lilivyomgeukia likatazama lilikotoka.

"Sasa sikiliza," alisema. "Kwenye utelezi breki ni adui. Mwendo unaupunguza huku nyuma, pakavu, kabla hujafika. Ukishaingia humo, umechelewa. Mguu toa, usukani usiupigepige, muache ajitafute. Na ukiona njia huielewi, simama ushuke ukaikanyage kwa miguu yako. Hakuna aibu. Mimi nilikuwa nashuka na abiria wananizomea."

Akanyamaza, nikadhani amemaliza.

"Na lile neno nililosema mlangoni, nililisema kwa hasira. Nalirudisha."

Dogo alijibu baada ya saa tatu. Alisema kwamba kwenye kikao cha uchunguzi mwalimu mkuu wa mafunzo alimpa karatasi ya ukurasa mmoja kuhusu kuteksi kwenye barafu, na kwamba baba mdogo ameikariri yote bila kuiona: punguza mapema, breki kidogo au usiguse kabisa, miguu laini, na kama njia huiamini, omba uvutwe au rudi ndani. Tofauti ni kwamba ile karatasi haikuwa na lori la samaki. Aliuliza kama baba mdogo anaweza kurudia ile sehemu ya abiria kumzomea.

Alirudishwa kwenye ndege Aprili, njia zikiwa kavu. Gharama ile aliilipa kwa awamu, akiosha vyombo usiku kwenye mgahawa, na mama akauza mahindi kumwongezea, na baba mdogo akatoa ya kwake bila kusema ni kiasi gani. Leseni ya kwanza alipata mwisho wa mwaka huo. Bado anakusanya saa za kuruka, bado hana kazi, na shamba la barabara ya Laela lina mwenye nalo mwingine, ambaye mwaka huu amelipanda alizeti.

Juzi alinitumia picha. Si ya angani. Ni lami nyeusi inayong'aa asubuhi, na viatu vyake viwili vimesimama juu yake. Chini aliandika kwamba ameshuka kuikanyaga, na kwamba leo haendi.